Namna ya kuifanya simu isubiri zamu yake

Mwongozo huu haumhusu mtu anayetaka kuachana na simu. Wapo wanaoweza, na hongera zao. Mimi ni fundi cherehani. Wateja hunitumia picha za mitindo kwa WhatsApp, hunitumia vipimo vya watoto waliorefuka tangu nguo ya mwisho, huniuliza kama gauni limekwisha, na malipo nayo huingia humo humo. Nikiizima simu kutwa nzima, nimejifungia mlango wa riziki. Nikiiacha ilie inavyotaka, sishoni. Kukata kitambaa kunataka mkono usiosita: mkasi ukishaingia kwenye mstari wa chaki, ufike mwisho wake ndipo uinuke. Arifa inayolia katikati ni sawa na mteja anayeingia bila hodi akavuta kitambaa kikiwa bado chini ya sindano.

Kwa hiyo nitakayoeleza ni ya mtu anayeihitaji simu na anayehitaji pia saa mbili tatu za mikono yake bila kuitwa. Kama kazi yako ni kuandika, kufundisha au kutengeneza redio, badilisha mifano tu. Hatua ni zile zile.

Kwanza ujue nani anakuita

Kabla hujagusa mipangilio yoyote, kaa siku moja na kipande cha karatasi na kalamu kando yako. Kila simu inapolia, inapotetemeka au inapowasha mwanga, weka alama: M kama aliyekuita ni mtu, P kama ni programu. Tumia karatasi, tafadhali. Ukienda kuweka alama kwenye simu yenyewe, imekwisha kukushika.

Mtu ni yule aliyekaa mahali sasa hivi akingoja jibu kutoka kwako wewe: mteja, mama, mwalimu wa mtoto, fundi mwenzako anayetaka kuazima bobini. Programu ni vingine vyote: duka linalotangaza limeshusha bei, mchezo unaolalamika kwamba hujaucheza, habari zilizopikwa zionekane ni za dharura.

Mtego uko kwenye arifa ya namna hii: "Fulani ameweka picha mpya." Jina ni la mtu, picha ni ya mtu, mkono unakwenda wenyewe kuandika M. Ngoja kwanza. Fulani hakukuita. Hajui hata kama umeiona. Aliyekuita ni programu, imeazima jina lake kwa sababu jina la mtu unayemfahamu hugeuza shingo upesi kuliko jina la kampuni. Hiyo ni P. Vivyo hivyo "watu 3 wametazama ukurasa wako" na "una kumbukumbu za miaka iliyopita". Ile ya siku ya kuzaliwa ina utata, nakubali. Mimi naihesabu P, na siku za kuzaliwa za watu wangu ziko kwenye kalenda ya ukutani.

Jioni zitazame alama zako. Kila fundi niliyemwelekeza jambo hili alitarajia M zijae karatasi, na haikuwa hivyo.

Mambo hayakuanza namna hii. Zamani programu ikifungwa imefungwa, haina njia ya kukufikia mpaka uifungue mwenyewe. Mwaka 2009 Apple iliwafungulia watengenezaji wa programu njia ya kusukuma arifa kutoka kwenye seva zao, yaani kompyuta zao za mbali, hadi kwenye iPhone, na mwaka uliofuata Google ikafanya hivyo kwa Android. Njia ile ilikuwa na maana kwa ujumbe na barua pepe, kwa sababu kule upande wa pili kuna anayengoja. Baadaye kila mwenye programu akaiona ni njia yake pia. Tena kwenye Android, mpaka toleo la 13 la mwaka 2022, programu ilikuwa ikisakinishwa tu inapata ruhusa ya kukupigia kelele bila kukuuliza. Kama simu yako ni ya zamani kidogo, basi arifa nyingi ulizonazo hujawahi kuzikubali. Zilijikaribisha.

Kuzima zile zenye P

Fungua Mipangilio, nenda kwenye Arifa, tafuta orodha ya programu zote. Majina hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji wa simu lakini sehemu hiyo ipo. Kwenye Android nyingi unaweza kuipanga orodha kwa programu zilizotuma arifa hivi karibuni, jambo linalokurahisishia kuwakamata wasumbufu wakubwa kwanza.

Pita chini na kuzima kila iliyopata P. Usikae kuijadili moja moja. Ukianza kujiuliza "je, huenda nikaihitaji?" utamaliza orodha na zote ziko vile vile. Kuzima arifa si kufuta programu. Bado ipo, utaifungua siku ukiitaka.

Ziko zenye pande mbili. Mtandao wa kijamii ambako wateja wanakuandikia faraghani una M na P chini ya jina moja. Hapo, kama una Android ya toleo la 8 (2017) au jipya zaidi, arifa zimegawanywa kwa aina. Ikija arifa usiyoitaka, ibonyeze kwa kuishikilia mpaka itokeze aina yake, halafu zima aina hiyo tu. Utabakiza ujumbe wa moja kwa moja na kuondoa mapendekezo, matangazo na "huenda unamfahamu". Kwenye iPhone mgawanyo huu mara nyingi uko ndani ya mipangilio ya programu yenyewe, ni wa kutafuta kwa subira. Lakini tangu iOS 15 ya mwaka 2021, iPhone inaweza kukukusanyia arifa zisizo za haraka ikakuletea kwa mkupuo saa unazozichagua. Itumie.

Pesa nimeziacha. Benki ni mashine, kwa kanuni yangu ingestahili P, lakini fedha ikitoka na si mimi niliyeitoa nataka kujua wakati huo huo. Kanuni isiyoweza kupindishwa kidogo haidumu kwenye karakana yoyote.

Usisahau vile vidoa vyekundu vyenye namba juu ya ikoni. Watu huzima sauti, wakaacha vidoa, kisha wanashangaa kwa nini bado wanafungua kila kitu. Kidoa chenye 7 ndani yake ni arifa isiyo na sauti. Kizime pia, kiko kwenye mipangilio hiyo hiyo.

WhatsApp

Hapa ndipo penye kazi, maana hapa M na P zimelala kitanda kimoja. Mteja aliyelipa nusu na kundi la watu 200 wanaosambaziana video vinalia mlio mmoja.

Anza na makundi. Fungua kila kundi, linyamazishe, na ukiulizwa kwa muda gani usichague saa 8 wala wiki 1, chagua daima. Usiogope kukosa jambo: mtu akikutaja kwa jina ndani ya kundi lililonyamazishwa, au akijibu ujumbe wako, bado utaarifiwa. Kisha yale usiyohitaji kuyaona kila unapofungua, yaweke kwenye kumbukumbu (Archive). Tangu 2021 gumzo ukishaliweka huko linabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia. Zamani lilikuwa linaruka na kurudi juu, ndiyo maana wengi walijaribu wakakata tamaa. Jaribu tena. Hakuna anayejua kwamba umelificha kundi la ukoo. Ukijitoa, wasimamizi wa kundi huarifiwa.

Halafu watu. Chagua wachache ambao wakiandika unataka kujua: wa nyumbani, shuleni kwa mtoto, labda mteja ambaye shughuli yake ni wiki hii. Wape mlio wao wa pekee. WhatsApp kwenye Android inakuruhusu kuweka mlio tofauti kwa kila mtu, ingia kwenye jina lake uutafute. Faida yake ni kwamba sikio linaamua na jicho linabaki kwenye sindano. Nikisikia mlio wa nyumbani nanyanyua mguu kwenye pedali. Nikisikia mlio mwingine wowote, naendelea.

Tiki za bluu zilikuja Novemba 2014, na kwa maoni yangu zimeharibu subira ya watu wengi. Zinaweza kuzimwa kwenye sehemu ya faragha. Ukizizima, nawe huoni za wengine, ni haki. Ila ujue mipaka yake: kwenye makundi zinaendelea kuonekana, na ujumbe wa sauti ukiusikiliza aliyeutuma atajua. Hapo hapo kwenye faragha ficha "mara ya mwisho kuonekana" na ile hali ya kuwa mtandaoni, ambayo tangu 2022 nayo inafichika. Sikuyafanya haya kwa kuwakimbia watu. Nilitaka niweze kusoma ujumbe, nikapime, nikafikiri, ndipo nijibu, bila mtu kuhesabu dakika zangu.

Kama unafanya biashara yoyote, hama uende kwenye WhatsApp Business. Ilianza 2018, ni ya bure, na ina kitu kimoja ambacho kwangu kina thamani kuliko vingine vyote pamoja: ujumbe wa kutokuwepo, unaojituma wenyewe mtu akikuandikia wakati huo. Wangu unasema hivi:

"Habari yako. Niko kwenye cherehani na simu iko mbali. Nasoma ujumbe saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Kama ni la haraka, piga. Nisipopokea, piga tena hapo hapo."

Uandike wako kwa maneno unayozungumza. Usiandike "tunathamini sana mawasiliano yako". Mteja anajua ni mashine na anahisi amefukuzwa. Mtajie saa. Mtu akijua atajibiwa lini anatulia, hata kama ni baada ya saa tatu. Kinachomfanya aandike "fundi???" mara nne ni kutojua.

Simu za kupigwa

Watu wengi wanaogopa hali ya Usinisumbue kwa sababu wanadhani inafunga kila kitu, na mzazi mgonjwa naye atafungiwa nje. Inafunga kwa kadiri utakavyo. Weka majina ya watu wako kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Kisha washa ile ya wapigaji wanaorudia: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya muda mfupi, simu inalia. Kwenye iPhone muda huo ni dakika 3, kwenye Android dakika 15.

Sasa wafundishe watu wako kanuni hiyo kwa mdomo. Kwetu kila mtu anaijua: la kawaida, andika, la haraka, piga mara mbili. Hata mwanangu mdogo anaijua, ingawa yeye kila jambo kwake ni la haraka.

Simu ikae wapi

Mpaka hapa tumezuia simu isikuite. Bado wewe unaiita. Huu ni upande ambao maelekezo mengi huupitia juu juu, nami naona ndio wenyewe.

Jiangalie unavyoishika. Mara nyingi hukuitwa na arifa yoyote. Ulitaka kujua ni saa ngapi. Au kupiga hesabu ya kitambaa, mita mbili na nusu mara sare sita. Au kuangalia kipimo cha nyonga cha mteja. Au kuwasha tochi utafute sindano iliyodondoka. Sababu zote ni halali, na kila mojawapo inakuweka mbele ya skrini iliyojaa mambo mengine. Unatoka humo baadaye sana, na saa yenyewe hukuitazama.

Kwa hiyo inyang'anye simu kazi hizo moja moja, uzirudishe kwenye vitu vyake. Mimi nina saa ya ukutani, kubwa, inaonekana kutoka kwenye cherehani. Nina kikokotoo cha vitufe kinachotumia mwanga. Nina tochi kwenye droo, na sumaku ya kuokotea sindano, ambayo ingenifaa hata kama simu zisingekuwepo duniani.

Na nina daftari la vipimo. Kila mteja ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa nguo, na tarehe nilipompima. Tarehe ni muhimu. Kipimo cha mtoto cha mwaka jana ni hadithi tu. Nilikuwa na programu nzuri ya kuhifadhia vipimo, sina ugomvi nayo. Lakini daftari hufunguka kwenye ukurasa wa mteja bila kunipitisha kwa watu wengine thelathini.

Picha za mitindo ndizo zilizonisumbua zaidi, maana zinakuja kwa simu na lazima uzitazame. Suluhisho langu: wakati wa zamu naifungua picha, nauchora mtindo kwa penseli kwenye ukurasa wa mteja, halafu simu inarudi mahali pake. Si mchoraji, na mchoro wangu hautaonyeshwa popote. Lakini kuchora kumenipa kitu ambacho sikukitarajia. Wateja hutuma picha ya mbele tu. Ukiitazama picha unadhani umeielewa nguo. Ukianza kuichora ndipo unagundua hujui zipu iko wapi, nyuma kuna mkato gani, kola imesimama au imelala. Basi namuuliza mteja saa hiyo hiyo, kabla ya mkasi. Fanya kitu cha namna hii na kazi yako: chochote kilichokuja kwa skrini ambacho utakihitaji kwa saa nzima, kiandike au ukichore kwenye karatasi, uondoke nacho.

Simu yenyewe iweke mahali ambapo lazima usimame kuifikia. Mfukoni hapafai, mezani hapafai hata ukiilaza kifudifudi. Yangu iko kwenye rafu karibu na mlango, na waya wa chaji umefungwa hapo hapo kwa kamba ili nisishawishike kuusogeza. Hatua tano sita ni umbali mdogo, ila zinatosha kukufanya ujiulize unakwenda kufanya nini.

Zamu

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwachunguza njiwa waliowekwa kwenye kisanduku na kufundishwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa aliyepewa punje kila baada ya idadi ile ile ya kudonoa alikuwa akishaipata anapumzika kidogo. Aliyepewa bila kujua itakuja lini, mara baada ya chache, mara baada ya nyingi, aliendelea kudonoa bila kuchoka. Nikifungua simu mara nyingi ovyo, mara nyingine nakuta oda mpya, mara nyingine nakuta hamna kitu, basi niko kwenye kisanduku cha yule njiwa wa pili. Nikiifungua kwa zamu, karibu kila mara kuna kitu, na nikimaliza nimemaliza.

Kwa nini zamu, badala ya kuzima kabisa? Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake walichapisha utafiti uliowagawa watu: wengine waliletewa arifa kama kawaida, wengine kila saa, wengine mara 3 kwa siku, na wengine hawakuletewa kabisa. Wa mara 3 walisema wamekuwa makini zaidi na wenye kuumudu muda wao. Wale wa kutoletewa kabisa hawakupata faida kama hiyo. Wasiwasi ulipanda, na hofu ya kupitwa nayo. Hilo linalingana na ninayoyaona kwangu. Ukimya mtupu hunifanya nitege sikio.

Chagua zamu zako kufuatana na kazi, si kufuatana na mwongozo huu. Lakini ziambatanishe na mwisho wa kitu fulani. Saa nne ikifika nikiwa katikati ya mkono wa shati, saa nne itangoja. Natamka hivi: "Nikimaliza mkono huu, nasimama, nashika simu." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameandika sana juu ya mipango ya namna hii tangu miaka ya 1990: nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia iliyoachwa ielee. "Nitapunguza simu" inaelea.

Ndani ya zamu kuna utaratibu. Natumia simu nikiwa nimesimama, hapo hapo penye rafu. Kiti kinarefusha kila kitu. Naanza na M: wanaongoja. Namjibu kila mmoja jibu kamili, si "sawa" halafu nirudi baadaye kwa maelezo. Kama jibu linahitaji kazi, naliandika kwenye daftari na kumwambia lini atalipata. Kisha pesa. Kisha makundi, nikitaka. Stetasi za watu ni za mwisho kabisa, na siku nyingi sizifikii.

Mitandao ya kuskroli ni jambo la peke yake. Aza Raskin, mbunifu wa Marekani aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usio na mwisho, unaojiongeza kila ukifika chini, amekwisha kusema hadharani kwamba anaujutia. Ukurasa wa zamani ulikuwa na chini. Ukifika unaamua uendelee au uache. Huu hauna mahali pa kuamulia. Kwa hiyo mahali hapo utapaweka wewe. Ninachofanya mimi: programu hizo nimezifuta, nikizitaka naingia kwa kivinjari, naandika anwani, naandika nenosiri. Ni kero. Nimeichagua kero hiyo kwa makusudi. Kama unauza kupitia mitandao hiyo na huwezi kuifuta, weka kengele ya dakika chache kabla hujafungua. Kabla. Ukishafungua hutaiweka.

Watu watakaolalamika

Watakuwepo. Mteja mmoja aliniambia, "Fundi, siku hizi unajibu kama ofisi." Nikamwambia, "Dada, ukiniandikia kabla ya jioni, jibu unalipata leo leo. Ikipita hapo ni kesho asubuhi. Na gauni lako nalishona sasa, ndiyo maana sikuandiki." Hakurudi kulalamika. Wengi hukubali upesi wakiona nguo inatoka siku uliyoahidi. Kwa fundi cherehani hiyo ni sifa adimu, tuseme ukweli.

Wazee ni tofauti. Mama hawekwi kwenye zamu. Kwake nimefanya kinyume: mimi ndiye ninayempigia, jioni, kabla hajanipigia. Akishazoea wakati wako, hana haja ya kukutafuta mchana.

Usiku, na zile rangi za kijivu

Nunua saa ya kengele, simu ilale chumba kingine. Hili limesemwa na kila mtu, nami sina la kuongeza ila kwamba linafaa kweli. Kama lazima ilale nawe, pangia Usinisumbue ijiwashe yenyewe usiku, pamoja na ile orodha ya wanaoruhusiwa.

Watu hushauri pia kuigeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe ili isivutie. Kwenye Android iko pamoja na hali ya wakati wa kulala, kwenye iPhone iko kwenye vichujio vya rangi ndani ya mipangilio ya ufikivu. Kwangu mchana haiwezekani: mteja akinitumia picha ya kitambaa, rangi ndiyo habari yenyewe. Usiku naitumia, na inasaidia kiasi.

Itachukua muda gani

Usimwamini anayekuambia siku 21. Namba hiyo ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji kama siku 21 angalau kuizoea sura mpya. Kutoka sura hadi tabia ni mbali. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya dogo, na kwa wale ambao mwenendo wao ulionekana wazi, wa katikati alihitaji siku 66; aliyewahi siku 18, aliyechelewa alikadiriwa siku 254. Na walikuta kwamba kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Siku ya harusi tatu kwa mpigo utaishika simu ovyo. Kesho yake rudi kwenye rafu.

Kila baada ya miezi kadhaa rudia siku ya karatasi na alama, kwa sababu programu zikisasishwa huja na aina mpya za arifa, na hizo huja zikiwa zimewashwa. Na kila programu mpya ikikuomba ruhusa ya kukuarifu, kataa kwanza. Utairuhusu siku ukiona mtu wa kweli amekukosa kwa sababu yake.

Mwanafunzi wangu hapa karakanani anasema haya yote ni ya wazee, yeye bila muziki hashoni. Hajakosea, nami napenda muziki. Yeye tumempangia hivi: nyimbo anazipakua nyumbani, akifika anawasha hali ya ndege, anaiwasha tena Bluetooth peke yake kwa ajili ya hedifoni, na simu inaingia kwenye droo ya zipu. Muziki unamfikia, mengine hayamfikii. Kilichobaki ni kumfundisha kuzivua hedifoni mteja anapoingia.